Herufi za Macho, Herufi za Vidole

Mnamo Septemba 1771, katika gulio la Mtakatifu Ovide jijini Paris, mkahawa mmoja ulifurika watu hadi nje. Kilichowavuta ni bendi ya vipofu. Walikuwa wamevishwa majoho marefu na kofia zenye masikio ya punda, wamebandikwa miwani mikubwa ya karatasi ngumu, na mbele yao zimewekwa karatasi za muziki na mishumaa, kana kwamba wanasoma. Kazi yao ilikuwa kukwaruza fidla ovyo huku watazamaji wakivunjika mbavu.

Mzaha wenyewe ulikuwa kwenye zile karatasi. Kwa watu wa wakati ule, kipofu kukaa mbele ya maandishi kulitosha kuwa kichekesho. Ulaya ilimjua asiyeona kwa sura mbili tu: wa kuchekwa na wa kupewa sadaka. Paris ilikuwa na nyumba ya Quinze-Vingts, iliyoanzishwa na Mfalme Louis wa Tisa karibu mwaka 1260 kwa ajili ya vipofu 300, na wakazi wake waliruhusiwa kuombaomba mitaani. Kwa miaka 500 nyumba hiyo iliwapa watu paa na mkate. Kusoma hakukuwa na nafasi humo.

Katika umati ule alikuwamo Valentin Haüy, mtoto wa mfumaji, kijana wa miaka 25 aliyejipatia riziki kwa kufasiri barua na hati. Yeye hakucheka. Baadaye alieleza kwamba pale pale aliazimia kuugeuza mzaha ule kuwa kweli, vipofu wasome kwelikweli. Azimio hilo lilikaa moyoni miaka 13. Mwaka 1784 alikutana na Maria Theresia von Paradis, mpiga kinanda asiyeona kutoka Vienna, ambaye alijifunza herufi kwa kupapasa pini zilizochomekwa kwenye mto. Mwaka huo huo akamkuta kijana ombaomba, François Lesueur, nje ya kanisa la Saint-Germain-des-Prés. Lesueur alikuwa na familia inayotegemea sarafu zake, hivyo Haüy akakubali kumlipa kile ambacho angekikosa kwa kuacha kuomba. Huo ndio ulikuwa mshahara wa mwanafunzi wa kwanza.

Wakaanza na herufi za mbao. Inasimuliwa kwamba siku moja Lesueur alikuwa akipanga karatasi za mwalimu wake, kidole kikapita juu ya tangazo la mazishi lililokuwa limechapwa kwa nguvu hadi wino ukaacha uvimbe upande wa pili. Akaitambua herufi. Haüy akaliona jibu: kuchapa vitabu bila wino, kwa kukandamiza karatasi yenye unyevu juu ya herufi kubwa za chuma ili zitoke zimevimba. Shule yake ilifunguliwa 1785, ya kwanza duniani ya aina yake, na Desemba 1786 wanafunzi walipelekwa Versailles kusoma, kupiga hesabu na kuimba mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita. Wakuu wakapiga makofi.

Yafaa kuangalia wakuu wale walikuwa wakishangilia nini. Mwanafunzi alipofungua kitabu cha Haüy, mtazamaji aliyekaa mbele aliweza kukisoma pia, kwa sababu kilikuwa na herufi zile zile za Kifaransa alizozizoea. Huo ulikuwa ndio uzuri wake kwa wafadhili. Kwa kidole, mambo yalikuwa mengine. Kidole hakioni umbo lote kwa mara moja kama jicho. Hulifuata ukingo kwa ukingo. Herufi yenye mikunjo na mikia humlazimisha msomaji kuizunguka, kuikumbuka, kisha kuhamia nyingine, na afikapo mwisho wa neno mwanzo wake umeshaanza kumponyoka. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito. Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba mwanafunzi hakuweza kuandika. Alisoma alichochapishiwa, lakini hakuwa na njia ya kuandika barua au kunukuu somo, wala ya kusoma tena alichokiandika jana. Shule ilikuwa imemfungulia mlango mmoja tu.

Mtoto wa fundi matandiko

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 40 mashariki mwa Paris. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Mwaka 1812, Louis akiwa na miaka mitatu, alijipenyeza karakanani na kuchezea kifaa chenye ncha, wengi husema msharasi, kikamteleza na kumchoma jicho. Jeraha likaoza, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofikisha miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha ndani wala kumtoa akaombe. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha, na mwalimu wa shule ya kijiji akakubali akae darasani pamoja na watoto wengine. Husemwa kwamba baba yake alimpigilia misumari ya matandiko kwenye ubao kwa umbo la herufi ili azipapase. Kwa miaka ya mwanzo, basi, Louis alisoma katika shule ya kawaida kijijini kwake, na kwa masikio alifanya vizuri. Palipohitajika kitabu na kalamu, alikwama.

Februari 1819, akiwa na miaka kumi, aliingia katika shule iliyotokana na ile ya Haüy, katika jengo kuukuu lenye unyevu mtaa wa Saint-Victor. Mwanzilishi mwenyewe alikuwa ameondolewa zamani. Utawala wa Napoleon ulimwachisha kazi mwaka 1802, akaenda Urusi, akarudi mzee 1817. Mwaka 1821 alikaribishwa shuleni kwa heshima, na wanafunzi, Louis miongoni mwao, wakamwimbia. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka huo huo wa 1821 mgeni mwingine alibisha hodi. Charles Barbier, ofisa wa zamani wa mizinga, alikuwa amebuni maandishi ya haraka ya nukta zilizotobolewa kwenye karatasi nene, yanayoweza kusomwa kwa kidole hata gizani. Alifikiria hasa watu ambao hawakuwa na wasaa wa kwenda shule na kuhangaika na tahajia. Katika mfumo wake sauti 36 za Kifaransa zilipangwa katika jedwali la mistari sita kwa sita, na kila sauti ikaandikwa kwa safu mbili za nukta: safu ya kushoto ilitaja mstari, ya kulia ikataja nafasi ndani ya mstari huo. Sauti moja iliweza kula nukta 12.

Wanafunzi walipozigusa tu waligundua jambo ambalo wakubwa wao hawakulihisi, kwa kuwa walikuwa wakiangalia: nukta inaingia kidoleni kuliko mstari. Lakini waligundua pia kasoro. Fungu la nukta 12 lilikuwa refu kuliko ncha ya kidole, kwa hiyo ilibidi kidole kipande na kushuka. Mfumo uliandika matamshi tu. Tahajia haikuwemo, wala vituo, tarakimu au noti za muziki, na katika shule ambayo muziki ndio uliokuwa tegemeo la ajira, hilo lilikuwa pengo kubwa.

Inasimuliwa kwamba Louis alimweleza Barbier kasoro hizo. Alikuwa mvulana ambaye ndevu hazijaota, anamkosoa mtu aliyekwisha kupita miaka 50, ofisa, mvumbuzi, mwenye macho yake mawili. Barbier hakuupokea ukosoaji huo. Aliona sauti zinawatosha vipofu. Tahajia ya nini? Hapo dharau mbili zilikutana katika mtu mmoja: huyu ni mtoto, na huyu haoni. Kila moja peke yake ilitosha kumnyamazisha, na kwa pamoja zilipaswa kumzika.

Nukta sita

Louis akaondoka na kibao chake cha kutobolea nukta. Alifanya kazi usiku bwenini na wakati wa likizo kijijini, akipunguza, akipanga, akijaribu kwa vidole vyake na vya wenzake. Kufikia 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa.

Alikata fungu la Barbier katikati: nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Fungu zima sasa lilikaa chini ya ncha ya kidole bila kidole kusogea juu wala chini. Nukta zikipewa namba, moja hadi tatu kushoto na nne hadi sita kulia, kuna miundo 63 inayowezekana, na hiyo inatosha kwa herufi, vituo, tarakimu na noti. Mpangilio wake una mantiki ya kumsaidia anayejifunza. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile, zikiongezwa nukta ya tatu. Kundi la mwisho huongezwa ya tatu na ya sita. Ukiijua a, ambayo ni nukta ya kwanza peke yake, basi k ni hiyo hiyo na ya tatu chini yake. Herufi w imekaa nje ya mpango kwa kuwa Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, iliongezwa baadaye.

Chukua neno baba. B ni nukta ya kwanza na ya pili, moja juu ya nyingine. A ni ya kwanza pekee. Kidole kinachokwenda kushoto kulia kinakuta mbili, moja, mbili, moja. Anayeandika huweka karatasi nene ndani ya kibao chenye vijidirisha, akatoboa kwa kisindano kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu anatoboa upande wa nyuma. Akigeuza karatasi, vishimo vimekuwa vinundu na neno linasomeka kutoka kushoto. Ndiyo maana Kiswahili kiliyaita maandishi haya nukta nundu. Kazi nzima hufanywa bila mwangalizi: mwandishi huyo huyo ndiye msomaji, na akikosea neno ataligundua mwenyewe.

Mwaka 1829 Braille alitoa kitabu chake kuhusu namna ya kuandika maneno na muziki kwa nukta, na humo akasema wazi kwamba wazo la kwanza limetokana na Barbier. Yule aliyemdharau alitendewa haki kuliko alivyotenda. Mwaka 1837 likafuata toleo la pili lililosafishwa, na mwaka huo huo shule ikachapa kwa nukta kitabu cha historia ya Ufaransa. Braille mwenyewe alikuwa sasa mwalimu kamili, na Jumapili alipiga kinanda cha kanisa. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamwingia.

Marufuku ya wenye nia njema

Ungedhani hapo hadithi imekwisha. Mkuu wa shule, Alexandre-René Pignier, aliwaacha wanafunzi watumie nukta na kuiomba serikali izitambue, lakini serikali haikuzitambua. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na naibu wake, Pierre-Armand Dufau, ambaye alipiga nukta marufuku. Mahali pake akaleta herufi mpya zilizovimba, za mtindo wa Glasgow, zilizo sahili kuliko za Haüy lakini bado za macho. Vibao vilichukuliwa, na inasimuliwa kwamba vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono vilitiwa moto.

Dufau hakuwa katili, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba maandishi ya peke yao yatawatenga wasioona: watakuwa na alfabeti ambayo mama yao hawezi kuisoma, jirani hawezi kuisoma, mwajiri hawezi kuisoma. Tuwape herufi zetu, waingie katika jamii yetu. Ng'ambo ya Atlantiki, Samuel Gridley Howe, mkuu wa kwanza wa shule ya Perkins huko Boston na mtu aliyejitolea sana kwa wanafunzi wake, alishikilia hoja hiyo hiyo na kubuni herufi zake zilizovimba. Wote wawili walitaka kujumuisha. Waliamini kwamba kumjumuisha mtu ni kumpa kitu kile kile walicho nacho wengine.

Wanafunzi walilijua jambo ambalo hoja hiyo ililiruka. Herufi ile ile ya wote iliwapa usomaji wa kujikongoja na haikuwapa uandishi kabisa. Mtu asiyeweza kumwandikia mama yake hata mstari mmoja ametengwa zaidi, hata kama mama anaweza kusoma kitabu chake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliendelea kuandikiana kwa siri, usiku, kwa sindano na misumari na chochote chenye ncha. Wakubwa walifundisha wadogo, na marufuku ikashindwa kufuata vidole chini ya blanketi.

Naibu mpya, Joseph Guadet, aliliona hilo na akabadili msimamo wa mkuu wake. Tarehe 22 Februari 1844 shule ilizindua rasmi jengo jipya kwenye barabara ya Invalides. Mbele ya wageni Guadet alisimulia kazi ya Braille, kisha yakafanywa majaribio: mwanafunzi mmoja akasomewa shairi na kuliandika kwa nukta, mwingine ambaye hakuwapo wakati linasomwa akaitwa na kulisoma kutoka kwenye karatasi. Hakuna herufi ya macho iliyowahi kutoa onyesho la namna hiyo, kwa sababu hakuna iliyokuwa na mwandishi. Braille aliyasikia makofi akiwa tayari dhaifu. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, na magazeti ya Paris hayakuandika neno. Ufaransa ilizikubali nukta rasmi mwaka 1854, miaka 30 tangu kijana wa bwenini alipozikamilisha.

Nani apige kura

Nchi nyingine zilipitia ubishi ule ule, kila moja kwa gharama yake. Uingereza ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa na mifumo kadhaa ya herufi zilizovimba, kila mmoja na mvumbuzi wake, wafadhili wake na vitabu vyake visivyosomeka kwa wanafunzi wa mfumo mwingine. Aliyekata mzizi wa fitina ni daktari Thomas Rhodes Armitage, aliyeacha utabibu kwa sababu macho yake yalikuwa yakififia. Mwaka 1868 aliunda chama cha kuchunguza mifumo hiyo na kuchagua ulio bora, akaweka masharti ya nani aweze kuamua: awe mtu anayelazimika kusoma kwa kidole, awe anajua walau mifumo mitatu, na asiwe na maslahi ya fedha katika wowote. Wafadhili wenye macho, wachapishaji na wavumbuzi wakabaki nje ya chumba cha kura. Wakailinganisha mifumo, na nukta sita zikashinda. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ukazichagua pia.

Marekani haikufuata. Huko nukta zilikubalika kama wazo, lakini kila upande ukazipanga upya. William Bell Wait alieneza mfumo wa New York, wenye mafungu mapana ya nukta mbili kwenda juu. Joel Smith wa Boston akapanga upya nukta sita ili herufi zinazotumika zaidi zipate nukta chache. Shule zikagawanyika. Helen Keller, aliyezaliwa 1880 na kupoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, ilimbidi ajifunze mifumo mitano ili asome vitabu vilivyokuwapo, na alilalamika hadharani dhidi ya upotevu huo. Mwaka 1909 bodi ya elimu ya jiji la New York iliitisha vikao vya hadhara kusikiliza pande zote, lakini maafikiano ya nchi zinazotumia Kiingereza yalipatikana 1932 tu. Watoto wa vizazi viwili walilipia kiburi cha watu wazima.

Umri nao ni mlango

Mfumo mmoja kati ya iliyoshindwa Uingereza haukufa, na sababu yake ni umri. William Moon wa Brighton alipoteza kuona kabisa akiwa kijana wa miaka 21, wakati tayari alikuwa amezoea herufi za kawaida. Mwaka 1845 alitoa alfabeti ya mistari na pembe chache, kubwa na wazi, nyingi zikiwa herufi za Kirumi zilizopunguzwa mikia. Mtu aliyesoma maisha yake yote kwa macho alizitambua haraka. Mzee aliyeacha kuona akiwa na miaka 65, mwenye vidole vigumu kwa kazi au kwa ugonjwa wa viungo, ambaye nukta ndogo zingemponyoka, aliweza kusoma Zaburi zake kwa herufi za Moon baada ya majuma machache. Wafundishaji walizunguka nyumba kwa nyumba kuwasomesha wazee kama hao. Walioshinda kura ya Armitage walikuwa na haki kuhusu shule. Moon alikuwa na haki kuhusu kiti cha mzee karibu na moto.

Jambo hili husahaulika kwa urahisi, kwa sababu picha tuliyo nayo ya mwanafunzi asiyeona ni ya mtoto. Ukweli ni kwamba watu wengi wenye matatizo ya kuona duniani wamevuka miaka 50, na mtoto wa jicho na presha ya macho huwakuta wakiwa na maisha yaliyokwisha kupangwa. Shule yenyewe hupimwa kwa mwili wa mtoto. Tarehe 12 Januari 2004, Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya Kenya kufuta karo ya shule za msingi. Alitaka kuhesabu fedha zake na kuisoma Biblia mwenyewe. Alivaa sare pamoja na watoto, akiegemea mkongojo. Wapo waliomwona kichekesho, wapo waliomwona mfano. Mwaka 2005 alisafirishwa hadi New York kuzungumzia elimu bila malipo. Sera iliyofuta karo haikuwa imemfikiria hata kidogo. Aliingia kwa sababu haikutaja umri. Dawati, saa za masomo na maandishi ya ubaoni vilibaki vya watoto wa miaka sita.

Nukta zinafika kwetu

Afrika Mashariki ilizipokea nukta Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likaanzisha ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Mwaka huo huo wa 1950 John Wilson, Mwingereza aliyepoteza kuona akiwa na miaka 12, alianza kuongoza shirika la kuwahudumia wasioona katika makoloni. UNESCO nayo ilikuwa imeitikia ombi la India la 1949 la kusawazisha nukta nundu za lugha mbalimbali, na mkutano wa Beirut wa 1951 ukaamua hata Kiarabu, ambacho kwa wino huandikwa kutoka kulia, kisomwe kwa kidole kutoka kushoto. Mtoto wa Thika alijifunza mfumo mmoja na ukamtosha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa hesabu. Mashine ya Perkins ya 1951, yenye vitufe sita na kimoja cha nafasi, ilimwezesha kuandika kwa kasi ya kufuata mwalimu. Ni nzito na ghali, na mpaka leo wapo wanafunzi wanaoipokezana.

Shule hizo zilitoa walimu, mawakili na wanasiasa. Zilikuwa pia za bweni, mbali na nyumbani, na kwa miaka mingi ziliwakusanya watoto chini ya neno moja, wasioona, bila kuuliza kila mmoja anaona nini. Walioumia kwa hilo kwa namna ya pekee ni watoto wenye ualbino. Wengi wao wana uoni hafifu: wanaona, ila karibu, na mwanga mkali huwasumbua. Wanahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele kisichopigwa na jua, kofia, na kioo cha kukuzia. Badala yake baadhi yao walifundishwa nukta nundu, wakawa wanazisoma kwa macho, wakiinamia karatasi nyeupe kutafuta vivuli vya vinundu. Haüy aliwapa vidole herufi za macho. Hapa macho yalipewa herufi za vidole. Kosa ni lile lile, la kutomuuliza mwenye mwili.

Tangu Azimio la Salamanca la 1994 mwelekeo umekuwa kuwarudisha watoto katika shule za kawaida, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu ukaiweka elimu jumuishi kuwa haki, ukitaja nukta nundu kwa jina. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja pia, na Tanzania ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka huo huo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017 na Tanzania 2020, unaruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, maandishi makubwa au sauti bila kumngoja mwenye hakimiliki, na nakala hiyo kuvuka mpaka.

Lakini hoja ya Dufau haijazikwa. Kila mara mtoto asiyeona anapowekwa katika darasa la watoto 80 bila kitabu cha nukta, bila mashine, bila mwalimu anayezisoma, na tukajipongeza kwamba anasoma pamoja na wenzake, tumemrudisha Louis kwenye shule ya Coupvray: masikio yanasikia, mikono haina kazi. Na kila tunapodhani jibu la huyo litamfaa mwenye ualbino, au babu aliyepoteza kuona juzi, tunarudia kosa hilo kwa upande wa pili.

Vitabu, mashine na walimu ni gharama, na serikali zetu zitaendelea kulia bajeti. Sharti la Armitage la 1868 halina gharama. Kamati inayochagua kitabu, kifaa au mpango wa darasa iwe na watu watakaokitumia, wawe na kura, na asiyekitumia asiwapigie kura yao. Mvulana wa miaka 15 alihitaji miaka 30 kusikilizwa kwa sababu hakuwa na kura hiyo.